Mtu Aliyesimama Nyuma

Kila kitu kiliharibika siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na tisa mwezi wa tisa, mchana, ndani ya bwalo la kiwanda cha sabuni, pale meneja alipopiga hatua moja kwenda katikati na kukaza tai yake. Wengine huanza kuhesabu msiba wao tangu siku ya kifo, au tangu homa ya kwanza. Fundi Kona aliuanza wake kwenye tai ile, nyekundu, yenye vidoa vyeupe, ambayo angeweza kukuchorea fundo lake huku amefumba macho.

Walimwita Fundi Kona kwa sababu alitengeneza fremu za picha, na kona zake zilikutana kama midomo ya mtu aliyekataa kusema. Unywele usingepita. Shule aliiacha mapema, kabla haijamwacha yeye, na tangu hapo aliwagawa binadamu mafungu mawili: wanaoshika kitu kikawa kitu, na wanaoshika kipaza sauti. Meneja alikuwa wa fungu la pili tangu tumboni mwa mama yake. Fundi alimdharau kwa bidii, kama watu wengine wanavyofuga njiwa. Kila jioni aliirushia dharau yake nafaka kidogo, nayo ikanenepa. Mkewe, aliyekula mshahara wa kiwanda kile na kujua ladha yake, alizoea kumsikiliza mpaka sahani ipoe. Mara moja tu alimjibu.

"Meneja yuko kwake, ameshashiba," alisema. "Hiyo sura unayomkunjia, mimi ndiye ninayeila na chakula changu."

Ijumaa hiyo mkewe alikuwa akiagwa kazini. Alikuwa amekata na kupiga chapa vipande vya sabuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi tupu, hadi harufu ile ikahamia kwenye mto wa kitanda. Fundi alizuiwa na mlinzi kwenye mlango mkubwa, kwamba wageni wa heshima wamekwisha kukaa. Akazunguka, akaingilia jikoni, akasimama kwenye mlango wa wapishi, nyuma ya meza kuu, vumbi la mbao likiwa bado mabegani. Kutoka hapo alimwona meneja vizuri. Alimsikia akiyasoma maisha ya mkewe kutoka kwenye karatasi, akimweka katika idara ya kufungasha ambamo hakuwahi kufanya kazi hata siku moja. Wafanyakazi wakaguna. Mkewe akatabasamu tu, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni.

Ukafika wakati wa picha. Kiwandani pale mstaafu husimama hatua moja mbele, zawadi mkononi, na mkubwa husimama nyuma yake katikati, kama ukuta uliovaa suti. Mkewe alikumbatia saa ya ukutani aliyopewa, zawadi ya kumwambia mtu asiyetakiwa tena kuwahi popote kwamba sasa ni saa ngapi. Meneja akakaza tai. Mpiga picha, ambaye hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa ni mpwa wa meneja, akainua kamera, ikalia kidogo kama panya aliyebanwa, na mambo yakaisha. Watu wakaendea soda.

Juma lililofuata picha ilimjia Fundi kibandani pamoja na agizo la kawaida: fremu moja, ya korido. Kila aliyestaafu alitundikwa kwenye korido ya kiwanda, na fremu zote pale zilitoka mikononi mwake. Hii aliipa mninga, si mbao laini za kila siku. Alifanya kazi kama alivyofundishwa na mjomba wake: kioo kwanza, kisha picha ilazwe kifudifudi juu yake ili vumbi na vidole visiuguse uso, na kila kitu kingine kifanyike mgongoni. Fundi huona karatasi nyeupe, basi. Uso ni wa mwenye nyumba, mjomba alikuwa akisema. Wa kwako ni kona. Kwa hiyo alipoitoa picha ndani ya bahasha aliitupia jicho moja, akaona gauni la buluu analolijua na saa ya ukutani, akatosheka. Akaigeuza. Kona za fremu ile zilikuwa bora kuliko zote alizowahi kukata.

Mkewe alifariki kabla mwaka haujageuka. Aliinama kuokota kibanio cha nguo uani, hakuinuka. Ni moyo, daktari alisema, tena moyo uliokuwa umechoka muda mrefu. Akauliza kama marehemu aliwahi kuona kizunguzungu, au kushikashika vitu anaposimama. Fundi alijibu hapana, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.

Msibani ikatakiwa picha ya kuweka mezani. Nyumbani palikuwa na ile ya harusi, ya msichana ambaye hata yeye hakumkumbuka vizuri tena, na ile ya kitambulisho, ambamo mkewe alionekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi. Simu iliyobeba nyingine ilikwisha kuzama kwenye ndoo ya kufulia. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye naye alifanya kazi kiwandani, akaenda kuitungua ile ya korido. Akakifuta kioo kwa ncha ya khanga, akaisimamisha juu ya kitambaa cheupe.

Hapo ndipo Fundi Kona alipoitazama kwa mara ya kwanza.

Tai ilikuwa safi. Kila kidoa kilikuwa na mviringo wake. Uzi ulionekana, na juu ya tai kilionekana kidevu, na juu ya kidevu pua, na ndani ya pua unywele uliosahauliwa na mkasi. Meneja mzima alikuwa kama amechongwa. Na mbele yake, pale palipostahili kuwa na mke wa mtu, palikuwa na ukungu wenye gauni la buluu. Macho yalikuwa vivuli viwili. Mdomo ulikuwa mahali tu. Ilikuwa kama kumtazama mtu kupitia machozi, na wakati huo machozi ya Fundi yalikuwa hayajatoka.

Shangazi yake mmoja mkongwe, aliyesafiri tangu alfajiri, alisogeza uso wake hadi kwenye kioo, akatazama kwa huruma nyingi. "Maskini," akasema. "Na huyu bwana, alikuwa mgonjwa siku nyingi?"

Kicheko cha msibani kina adabu yake, hupitia puani. Kilipita puani mwa watu wengi mchana ule. Fundi aliwasikia mmoja mmoja, akameza. Akaapa, kimoyomoyo, kwamba hatamzika mwanamke wake nyuma ya mtu aliyesimama nyuma yake. Mpiga picha hapigi moja. Mahali fulani ndani ya kiwanda kile palikuwa na picha nyingine ambayo ndani yake mkewe alikuwa na uso, na yeye angeipata hata kama ingembidi aitafute chini ya kiti cha meneja huku meneja amekikalia.

Alipokwisha kupokea pole za mwisho, alivaa koti la sherehe, akaenda. Shemeji alimsindikiza, kwa sababu bila yeye mlinzi angemzungusha jikoni tena. Meneja aliwapokea kwa upole wa watu wasio na haraka ya kulipa chochote. Alimwita mzee wangu, ingawa walilingana umri. Alimpa pole iliyopigwa pasi vizuri. Kisha, kwa sauti ya kumfafanulia mtoto kwa nini mwezi haudondoki, akamweleza kwamba kamera ya kiwanda ni ya kisasa, haihitaji mtu kuirekebisha. Inajitafutia yenyewe kitu cha kukaza macho.

"Ina akili, mzee wangu. Ikichagua, imechagua."

"Akili ya kumtambua mkubwa," Fundi akasema.

Meneja alicheka, akidhani amesifiwa. Akawaelekeza kwa mpwa wake, chumba cha mwisho, na kabla hawajafika mlangoni alikwisha kurudia simu yake. Fundi alitembea kwenye korido huku damu inamchemka masikioni, na kwa kuwa hakutaka shemeji aone macho yake, aliyageuzia ukutani.

Akasimama.

Walikuwa wamepangwa kwa miaka yao ya kustaafu. Mpishi wa sabuni, dereva wa lori, mama wa stoo, fundi bomba aliyekuwa akija kwao kuazima ngazi. Kila mmoja alikuwa na zawadi mkononi, na kila mmoja, tangu ilipoletwa kamera ya kisasa, alikuwa ukungu. Nyuma yao, picha baada ya picha, meneja aling'aa. Tai za kijani, tai za mistari, tai za maua. Palikuwa na picha ya jitu zima lililobeba magunia maisha yake yote, ambalo sasa halikuonekana zaidi ya mvuke wa chai. Lakini kifungo cha koti la meneja kilikuwa na matundu manne, na uzi.

"Tazama," Fundi alimwambia shemeji, na sauti yake ilitetemeka kwa kitu kinachokaribia furaha. "Tazama vipofu hawa. Wamepita hapa kila siku, na hakuna aliyeona. Unajua kwa nini? Kila mkubwa akipita hujitazama mwenyewe, akijikuta safi anaendelea. Ukuta mzima, shemeji! Ukuta mzima wa mtu mmoja!"

Shemeji alikuwa mwanamke wa maneno, na aliyatunza kwa siku kama hizi. Aliigusa fremu iliyokuwa karibu naye, akapitisha ukucha kwenye kona ambapo mbao mbili zilikutana.

"Na fremu hizi, shemeji," akauliza polepole, "ni za fundi gani?"

Fundi alizitazama zile kona. Zilikuwa kamilifu, zote. Alitembea sehemu iliyobaki ya korido akitazama sakafu.

Mpiga picha hakuwa kiumbe mbaya, jambo ambalo lilimkera Fundi, kwa kuwa alikuwa amekuja na dharau ya kumtosha. Aliwapa viti, yeye akakaa juu ya boksi. Kamera ilikuwa mezani, na ubavuni mwa lenzi palibandikwa plasta, ile ya kidonda.

"Imeumia?" Fundi akauliza.

Mpiga picha akacheka kwa aibu, akaeleza. Chini ya plasta ile palikuwa na kitufe cha kuchagua nani arekebishe lenzi, mashine au mkono. Zamani kidogo, wenye kiwanda walipokuja kutembelea, kitufe kilijisogeza ndani ya mkoba, na wenye kiwanda wote wakatoka kama moshi. Mjomba wake, meneja, akatoa agizo: kitufe kibandikwe upande wa mashine, kisiguswe tena na mtu yeyote. Nayo mashine ikiachiwa ijichagulie, hukamata kilicho katikati, na hasa hupenda vitu vyenye mistari na madoadoa. Uso laini ndani ya bwalo lenye mwanga hafifu huupita kama haujaitikia hodi. Tai huishika papo hapo. Juu ya hayo ilikuwa imechoka. Hata ukiielekeza machoni mwa mtu, hukaza nyuma yake kidogo. Alikwisha kuripoti. Alimpelekea mjomba picha kama ushahidi.

"Akasemaje?"

"Alijitazama, akasema, mbona safi?"

Shemeji aliangua kicheko, akakifunika na khanga. Fundi hakucheka. Jibu lile aliliona zuri mno. Lilikuwa limebeba dunia nzima kama alivyoijua. Wakubwa huchungulia kwenye kisima, wakiona sura zao, husema maji ni masafi. Lakini hakutaka huyu mwingine naye aponyoke kwa upole wake.

"Na wewe vidole unavyo vya nini? Plasta hubanduka kwa ukucha."

"Na kazi vilevile, mzee."

Mpiga picha akaigeuza kompyuta ili waone.

Zilikuwa nyingi, na zilikuwa vilevile. Gauni la buluu likakaribia, likaenda mbali, likageuka. Tai ikabaki imara. Katika moja mashine ilikaza kwenye saa ya ukutani, ukaweza kusoma hata jina la kiwanda kwenye uso wake. Katika nyingine ilikaza ukutani, kwenye tangazo la kunawa mikono. Fundi aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Shemeji aliacha kutania. Mpiga picha, kwa nia njema, akasema kuna njia: kompyuta siku hizi inaweza kuurudisha uso. Akabonyeza hapa na pale, na taratibu, kutoka ndani ya ukungu, mwanamke akatokea. Alikuwa na kope zilizohesabika. Alikuwa na meno. Ngozi yake ilikuwa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Huyu nani?" Fundi akauliza.

"Imekisia tu, mzee. Kisichokuwepo inakibuni."

"Itoe. Watu wa kubuniwa ninao wa kutosha humu ndani."

Ikatolewa. Mpiga picha akasema imebaki moja, nayo haifai, ilipigwa wakati watu wanaendea soda. Alikuwa pembeni, kidole kikabonyeza. Fundi alisema ionyeshwe.

Meneja hakuwemo. Kwenye ukingo wa picha kilibaki kiwiko chake tu, akienda zake. Katikati palikuwa wazi, na mashine, kwa kukosa tai, ilikuwa imekimbia hadi nyuma kabisa, kwenye mlango wa jikoni, ikamshika mwanamume mmoja aliyesimama pale. Ilikuwa imemshika sawasawa. Chembe za mbao mabegani zilionekana moja moja. Mwanamume huyo alikuwa amepandisha mdomo upande mmoja, pua imekunjwa, jicho limepungua kama la mtu anayenusa kitu kilichooza, na jicho hilo lilikifuata kile kiwiko.

Fundi Kona hakuwa amewahi kuiona sura ile. Alikuwa ameivaa miaka yote bila kujua ilivyoshonwa.

"Ndiyo hiyo," shemeji alisema, na safari hii hakukuwa na utani. "Ndiyo aliyokuwa akituigizia dada. Tunacheka, kisha anatuambia tusicheke."

Na mbele, ukungu. Mkewe alisimama ubavu kwenye ncha ya meza kuu. Watu wote walikuwa wamempa mgongo. Yeye alikuwa amegeukia mlango wa jikoni. Mkono mmoja ulikuwa juu ya meza, na vidole, kwa namna ukungu ulivyoruhusu, vilionekana vimebana kitambaa, kwa sababu kitambaa kilikuwa kimevutika. Mkono wa pili ulikuwa umeinuka nusu, kiganja wazi, kuelekea kwa yule mwanamume. Uso wake ulikuwa doa la kahawia lenye kivuli mahali pa mdomo. Mdomo ulikuwa wazi. Zaidi ya hapo mashine haikusema.

Fundi aliuliza kama inaweza kuchapwa. Mpiga picha akasema, lakini mama haonekani humu, mzee. Fundi akasema ichapwe.

Siku iliyofuata shemeji alimkuta kibandani na ujumbe kutoka juu. Meneja anasema korido haipendezi kukaa na msumari mtupu. Arudishe ile picha, au kama fremu ina shida, atengeneze nyingine haraka, kuna wageni wanakuja.

"Mwambie atundike tai," Fundi akasema, na kwa kitambo mdomo wake ukapanda upande mmoja. Aliuhisi ukipanda. Akaupapasa kwa kidole, kama mtu anayepapasa mahali alipong'atwa, ukashuka.

Shemeji aliona, akavuta kigoda. Juu ya benchi picha ilikuwa imelala chali, uso juu, bila kioo, katikati ya randa na vumbi. Pembeni palikuwa na mbao nne za mninga zilizokwisha kupimwa, hazijakatwa. Alikuwa amekaa nayo tangu asubuhi. Aliisogeza karibu na macho, akaiweka mbali kwa urefu wa mkono, akaisogeza tena, kama naye ni lenzi inayotafuta. Kila alipomtafuta mkewe alimpata yule wa mlangoni, safi, na mabega yenye vumbi, anatazama kwingine.

Alimwambia shemeji kwamba daktari alimuuliza jambo, siku ile, na yeye akajibu haraka. Hakusema ni jambo gani. Shemeji aliiangalia picha pamoja naye, wakiwa wameinamisha vichwa kama watu wanaochungulia kisima.

"Wewe ulikuwepo kwenye bwalo," Fundi akasema hatimaye. "Wewe ni mwanamke, tena ni damu yake. Hebu utazame mkono huu vizuri. Alikuwa ananipungia, au alikuwa ananiita nije nimshike?"